Kuhama kazi ukiwa na viza ya kazi Uingereza: ukaazi wa kudumu unaathirika vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa Unguja na Pemba. Mengi yaliingia kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane, mtu ametoka zamu Leicester au Milton Keynes na hana wa kumuuliza. Mengine yameulizwa na wazee waliobaki nyumbani, ambao mtoto wao amewaambia "nimeacha kazi" na usingizi ukawaruka. Yanahusu viza ya Skilled Worker, ya mfanyakazi mwenye ujuzi, pamoja na tawi lake la Health and Care, la kazi za afya na kuhudumia wasiojiweza. Majibu yanafuata kanuni za njia ya miaka 5 ya kufikia ukaazi wa kudumu kama zilivyokuwa mwishoni mwa 2025. Mapendekezo ya kuzibadilisha yako swali la 18.

## Misingi

1. Nikihama kazi, miaka yangu inaanza upya?

Hapana. Miaka 5 inahesabiwa kwa ruhusa ya kukaa, haihesabiwi kwa mwajiri. Muuguzi aliyepata ruhusa tarehe 1 Februari 2021 katika nyumba ya wazee, akahamia hospitali 2023, akahama tena 2025, anatimiza miaka 5 tarehe 1 Februari 2026, siku ile ile na mwenzake ambaye hajawahi kubadilisha bosi.

Vinavyoharibu ni viwili. Cha kwanza ni pengo baina ya ruhusa moja na nyengine (swali la 6). Cha pili ni mwajiri wa mwisho, yule utakayekuwa naye siku ya kuomba, kutokidhi masharti (swali la 14). Ukivilinda hivyo, hama hata mara nne.

2. Huo ukaazi wa kudumu ni kitu gani khasa?

Ni ruhusa ya kukaa Uingereza bila kikomo cha tarehe, ile ambayo watu wetu wa huko wanaiita ILR. Ukishaipata humhitaji mdhamini tena, yaani mwajiri mwenye leseni ya kukudhamini. Unafanya kazi popote, unafungua biashara, unapumzika ukitaka. Si uraia, na pasipoti yako inabaki ya Tanzania.

3. Viza zote za kazi zinajumlishwa pamoja?

Baadhi tu. Muda wa Skilled Worker unaungana na ule wa Tier 2 General, njia iliyokuwepo kabla ya Skilled Worker kufunguliwa Desemba 2020, na unaungana pia na Global Talent, viza ya wenye vipaji vya pekee. Health and Care ni Skilled Worker yenye punguzo, kwa hiyo inahesabiwa yote.

Havihesabiwi muda wa masomo, muda wa viza ya Graduate baada ya chuo, wala kazi za msimu za mashambani. Aliyekaa miaka 3 chuoni na 2 kwenye Graduate kisha akapata mdhamini anaanza na sifuri katika njia hii. Inauma, lakini ni bora ajue leo kuliko kujua baada ya kulipa ada ya maombi.

4. Hesabu inaanza nilipotua au viza ilipotoka?

Unaweza kuanzia siku viza ilipotolewa. Ila siku ulizokaa nyumbani ukisubiri tiketi, ukiagwa na jamaa na kula pilau za kwaheri, zinaingia katika hesabu ya siku za kutokuwepo (swali la 10). Kama zilikuwa wiki mbili tatu, hazikudhuru.

Maombi unaweza kuyapeleka siku 28 kabla ya kutimiza miaka 5. Yule muuguzi wa swali la 1 angeweza kuomba kuanzia tarehe 4 Januari 2026.

## Kuhama kwenyewe

5. Nimepata mwajiri mpya. Nianze lini?

Siku ruhusa mpya itakapotoka, si kabla. Mpangilio wake ndio huu: mwajiri mpya awe na leseni ya kudhamini, akupe cheti cha udhamini (hicho wanachokiita CoS), nawe uombe ruhusa mpya kwa cheti hicho ndani ya miezi 3. Wakati unasubiri unaendelea na kazi yako ya zamani kama kawaida.

Watu wengi hujikwaa hapa. Kijana mmoja wa Chake Chake aliambiwa na meneja mpya aje Jumatatu "kufundishwa kidogo" wakati ombi lake bado liko mezani. Jibu lilitoka Alhamisi, zuri tu, amekubaliwa. Lakini slipu yake ya kwanza ya mshahara ina zamu tatu za Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kila moja na tarehe yake. Hizo ni zamu za kazi bila ruhusa, na slipu haifutiki. Meneja hakuwa na nia mbaya, alikuwa na upungufu wa watu. Sheria haiulizi nia ya meneja.

Barua ya kuacha kazi nayo isubiri. Kuna wanaoiandika siku ile ile wanapopigiwa simu ya "umepata". Usiache mbachao kwa msala upitao: mpaka ruhusa mpya imetoka, mwajiri wa zamani ndiye anayekushikilia nchini.

6. Nimeachishwa kazi. Nina muda gani?

Mwajiri anatakiwa kuiarifu Home Office, wizara ya Uingereza inayosimamia uhamiaji, ndani ya siku 10 za kazi. Baadaye Home Office inakuandikia kwamba ruhusa yako inafupishwa, na kwa kawaida inakuachia siku 60, au siku zilizobaki kwenye viza kama ni chache kuliko hizo. Siku 60 zinatokana na uamuzi wa Home Office, hazianzii siku uliyovua sare. Wapo wanaopata barua baada ya wiki chache, wapo wanaokaa miezi haijafika. Usijenge maisha juu ya kuchelewa huko.

Ombi jipya likiingia kabla ruhusa haijaisha, mfululizo wa miaka yako haukatiki. Kukaa bila kazi wiki sita katikati hakukuondolei miaka, ilimradi muda wote huo ruhusa ilikuwa hai. Ukipitisha tarehe, mlango uliobaki ni mwembamba: siku 14, na uwe na sababu nzito inayoeleweka. "Wakala alinichelewesha" ni sababu inayotajwa sana na inayosaidia kidogo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: pengo lina gharama ya pili. Walioingia njia hii kabla ya tarehe 4 Aprili 2024 wana kiwango cha chini cha mshahara kilicho nafuu (swali la 14), na unafuu huo unakwenda na ruhusa isiyokatika. Ukikatika, unarudi kama mgeni wa leo, kwa kiwango cha leo.

7. Sikuacha mimi. Mwajiri ndiye aliyenyang'anywa leseni.

Kama hukushiriki kosa lake, unapewa siku 60 vilevile, na miaka uliyokwisha kuijenga haifutwi kwa dhambi ya mwengine. Jibu la swali la 6 ndilo lako. Leseni ikiwa *imesimamishwa* tu, bado unaruhusiwa kuendelea na kazi hapo, lakini anza kutafuta siku hiyo hiyo. Kampuni ikiuzwa kwa mmiliki mpya na kazi yako ikabaki ile ile, kwa kawaida huombi upya. Mmiliki ndiye mwenye kazi ya kuhakikisha ana leseni na kuiarifu Home Office. Muulize kwa maandishi.

8. Nimepandishwa cheo hapo hapo kazini. Niombe tena?

Tazama msimbo wa kazi, ile namba ya tarakimu nne kwenye cheti chako cha udhamini. Ikiwa cheo kipya kiko chini ya msimbo ule ule, mwajiri anaarifu na wewe unaendelea. Msimbo ukibadilika, ni ombi jipya kama vile umehama kampuni, na kanuni ya kutokuanza kabla ya ruhusa ni ile ile ya swali la 5. Watu hulipuuza hili kwa sababu jengo ni lile lile na bosi ni yule yule.

9. Naruhusiwa kuongeza kazi nyengine pembeni?

Mpaka saa 20 kwa wiki, nje ya saa za mdhamini wako, huku ukiendelea kumfanyia yeye, na kazi yenyewe iwe miongoni mwa zinazoruhusiwa. Hii haigusi hesabu ya miaka. Kinachogusa ni kibarua cha pesa mkononi kwenye duka la rafiki, na saa 20 zinazogeuka 30 kila mwisho wa mwezi.

## Safari za nyumbani

10. Naruhusiwa kukaa Zanzibar siku ngapi?

Zisizidi 180 katika miezi 12 *yoyote*. Si mwaka wa kalenda, Januari mpaka Disemba. Ukichagua tarehe yoyote ndani ya miaka 5 na kuhesabu miezi 12, zisipite 180. Aliyekaa nyumbani siku 100 mwishoni mwa mwaka mmoja na 100 mwanzoni mwa mwaka unaofuata amevuka, ingawa kila mwaka peke yake unaonekana salama.

Zinahesabiwa siku kamili tu. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazimo. Ukiondoka tarehe 3 Machi na kurudi 20 Aprili, ni siku 47. Mimi safari zangu niliziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya Hijria ya msikiti, iliyotundikwa jikoni pembeni ya friji, na kila mwaka ulipoisha sikuitupa. Siku ya kujaza fomu nilitandaza kalenda tano juu ya meza na kazi ikaisha kwa chai moja. Mwenzangu alikuwa akitafuta mihuri ya pasipoti kwa tochi ya simu.

Kuugua mahututi au kufariki kwa jamaa wa karibu kunaweza kukubaliwa kama sababu ya kuzidisha, ukiwa na vyeti. Harusi haimo, hata iwe ya dada yako wa mwisho.

11. Nimefiwa na mama Wete, na ombi langu la kuhama kazi bado halijajibiwa. Nisafiri?

Hili ni gumu kuliko yote humu. Ukitoka Uingereza wakati ombi ulilopeleka ukiwa ndani halijatolewa uamuzi, linahesabiwa umeliondoa mwenyewe. (Ireland imo katika eneo moja la safari na Uingereza, lakini hakuna anayezika Dublin.)

Kama ruhusa ya zamani bado ina tarehe, unaweza kusafiri kwa ruhusa hiyo na kuomba tena baadaye, ada ukiwa umeipoteza. Kama tarehe imepita na unakaa kwa sababu tu ombi limo mezani, kusafiri ni kuondoka bila njia ya kurudi. Ndiyo maana nawaambia watu: mwenye mzazi mgonjwa alipie huduma ya haraka tangu mwanzo, akiweza. Ni ghali, ila inafupisha kipindi ambacho umefungwa miguu.

12. Bosi amenipa likizo ndefu bila mshahara, kuanzia Ramadhani mpaka Iddi Kubwa. Kuna shida?

Ipo, na haihusiani na zile siku 180. Likizo bila malipo ikizidi wiki 4 kwa jumla katika mwaka, mdhamini hutakiwa kusitisha udhamini, isipokuwa kwa sababu maalumu kama uzazi na maradhi. Tangu mwanzo wa Ramadhani mpaka Iddi Kubwa ni zaidi ya miezi mitatu. Ukarimu wa bosi unaweza kukugharimu viza. Chukua likizo yenye malipo, au ufupishe.

13. Nimeacha kazi, nimerudi Unguja, sasa nimepata mwajiri mwengine kule. Miaka yangu ipo?

Inategemea tarehe. Kama uliondoka ukiwa na ruhusa hai, na ombi jipya liliingia kabla ruhusa ile haijaisha au ndani ya siku 14 baada ya kwisha, na likakubaliwa, mfululizo unaweza kuokoka, ukizingatia siku 180. Ukivuka hapo unaanza moja.

Ukiombea nyumbani unarudi pia kwenye safari ile ile ya mara ya kwanza: boti ya kwenda Dar, alama za vidole, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu, maana Tanzania imo katika orodha ya nchi zinazodaiwa kipimo hicho.

## Siku ya kuomba

14. Mwajiri wa mwisho anatakiwa kuthibitisha nini?

Kwamba bado ana leseni, bado anakuhitaji, na anakulipa, na ataendelea kukulipa, mshahara unaofika kiwango. Tangu tarehe 22 Julai 2025 kiwango cha jumla ni pauni 41,700 kwa mwaka. Kwa walioingia kabla ya tarehe 4 Aprili 2024 na hawakukatika, ni pauni 31,300. Wauguzi na wengine wanaolipwa kwa ngazi za taifa za mishahara wana kiwango chao cha chini zaidi, kuanzia pauni 25,000. Juu ya hapo kila msimbo wa kazi una kiwango chake, na kilicho kikubwa ndicho kinachofuatwa. Ovataimu haihesabiwi. Aliyezoea kujisifu kwa slipu ya Disemba aangalie mshahara wa msingi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuhama mwaka wa nne ni hili: huyu mpya ataandika barua hiyo na kulipa kiasi hicho mwaka ujao? Si lazima uwe umekaa naye muda fulani. Hata miezi miwili inatosha, barua ikiwa sawa. Lakini huwezi kuomba kwa njia hii ukiwa huna mwajiri kabisa, hata kama miaka 5 imetimia jana.

Kuna pia mtihani wa Life in the UK, maswali 24 kwa dakika 45, na unatakiwa kupata 18. Cheti chake hakiishi muda, kwa hiyo ufanye mapema, kabla ya heka heka za barua.

15. Nafanya kazi ya kea (kuhudumia wazee na wasiojiweza). Bado naweza kuhama?

Ndiyo, kama tayari uko ndani kwa viza hiyo. Kilichofungwa tarehe 22 Julai 2025 ni kuajiri wafanyakazi wa kea kutoka nje ya Uingereza. Waliomo wanaweza kuhamia mwajiri mwengine wa kea mwenye leseni na kuendelea na hesabu yao.

Ukitoka kea kwenda kazi isiyo ya afya, miaka inaungana lakini gharama zinabadilika. Mwenye Health and Care halipi ada ya huduma ya afya. Nje yake ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, kwa kila mtu mzima. Mke na mume kwa miaka 3 ni zaidi ya pauni 6,000, mkupuo mmoja, siku ya kuomba.

16. Wakala anataka pesa nyingi anipatie CoS mpya. Nilipe?

Usilipe. Kuuza cheti cha udhamini ni kosa, na kazi inayouzwa namna hiyo mara nyingi haipo: unafika, hupangiwi zamu, hupati slipu, na bila slipu huna cha kuonyesha siku ya kuomba. Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, yenye jina na mji. Itazame, kisha ipigie kampuni simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa wakala. Nimeona familia ya Mkoani ikiuza mikarafuu kwa ajili ya karatasi ambayo kampuni iliyotajwa haikuwahi kuiandika.

## Familia na mambo ya pembeni

17. Mume au mke wangu anaathirika nikihama?

Hesabu yake ni yake: miaka 5 akiwa mwenza wako kwa viza. Anaweza kubadilisha kazi atakavyo, hana mdhamini. Ila ruhusa yake inategemea yako, ikifupishwa yako na yake iko hatarini, kwa hiyo unapoomba upya angalia tarehe zake pia.

Tahadhari moja: mwenza akipata mdhamini wake na kugeuza viza kuwa Skilled Worker, miaka aliyokaa kama mwenza haihamii huko. Anaanza moja. Nimewaona waliobadilisha mwaka wa nne kwa fahari ya kuwa na viza ya jina lao.

18. Nasikia sasa ni miaka 10. Ni kweli?

Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliopendekeza miaka 10 kuwa kawaida, na Novemba 2025 ikafungua ukusanyaji wa maoni mpaka tarehe 12 Februari 2026. Ndani yake limo pendekezo la miaka 15 kwa walio katika kazi za chini ya kiwango cha shahada, nalo linawagusa watu wa kea moja kwa moja. Kwa kawaida kanuni inayotumika ni ile iliyopo siku unayopeleka ombi, kwa hiyo ifungue gov.uk siku hiyo, usitegemee ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la ukoo. Miaka ikiongezeka, mtu atahama kazi mara nyingi zaidi kabla ya kufika, na swali la 5 na la 6 yanazidi uzito.

19. Haya yanahusu na Oman?

Hapana. Kule barua ya mwajiri ya kutokuwa na kipingamizi iliondolewa Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba, kwa hiyo kuhama kumekuwa rahisi kuliko zamani. Lakini miaka ya kazi ya mshahara haikujengei ukaazi wa kudumu kama huu.

20. Nikishapata ukaazi wa kudumu, naweza kuacha kazi na kurudi Zanzibar?

Kazi unaweza kuiacha hata kesho yake. Kurudi unaweza pia, lakini ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo ukaazi unapotea. Uraia kwa kawaida unaweza kuombwa baada ya miezi 12 ya ukaazi, na hapo wengi wetu husita, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Wanaobaki na pasipoti ya Tanzania hukata tiketi ya kwenda kukanyaga Heathrow kabla miaka miwili haijatimia.